Umande Ndani ya Kioo

Umande ulikuwa ndani ya kioo, siyo nje. Mwanamkuu alipitisha kitambaa mara ya kwanza, akapitisha tena kwa kukaza mkono, bado akaona pamepiga ukungu palepale. Akakishusha kile kifremu kutoka msumarini, akakipeleka mlangoni penye mwanga, akakisugua kwa upindo wa kanga. Nje kioo kilikuwa kikavu, kinang'aa. Ndani, mbele ya mdomo wa yule mtu wa darajani aliyechorwa, palikuwa na duara la umande la ukubwa wa kifungo cha shati. Akiwa bado anatazama, duara likapungua, likaisha. Kisha likarudi.

"Baba Warda," aliita, "hebu njoo uone picha yako inavyotoka jasho."

Sadala hakuja. Alikuwa anavaa viatu aende dukani, na isitoshe alishachoka kusikia habari za picha zake kutoka kwa mkewe. "Unyevu huo, mama Warda. Masika hii hata chumvi inalowa."

Na kweli ilikuwa masika, na kweli chumvi ilikuwa inalowa. Jambo baya likitaka kuingia nyumbani kwa mtu halikosi kisingizio. Mwanamkuu akaitundika picha mahali pake, akaenda kuinjika chai.

Huyu Sadala hapa Kibiti anajulikana. Ana studio ya picha karibu na stendi, ile yenye pazia la buluu, anapiga picha za pasipoti na kubadilisha vioo vya simu. Ukikaa kwenye kigoda chake atakuambia, "Funga mdomo, tazama mbele, usicheke," hata kama hukuwa na mpango wa kucheka. Mtu mpole, mswalihina, hana baya na mtu. Ila kila mtu na ugonjwa wake. Wapo wanaofuga njiwa, wapo wanaooa kila mwaka. Sadala alikusanya picha.

Siyo picha za kupiga. Za kuchora, zile zinazosifika Ulaya na Marekani, ambazo watu wazima na akili zao hupanga foleni ili wazitazame. Alianza kuziona kwenye simu, zikamwingia moyoni, akataka awe nazo, na akazitaka zote ndogo, kila moja ya kukaa ndani ya fremu ya picha ya pasipoti, isizidi kiberiti. Ukuta wa sebule yake ulijaa. Kulikuwa na usiku wa buluu wenye nyota zinazozunguka kama maji ya mkondo. Kulikuwa na maua ya alizeti ndani ya chungu, na saa zilizolegea zikaning'inia kama nguo kwenye kamba. Majirani walimwita Sadala Makumbusho, naye jina lile alilipenda, masikini.

Aliyemchorea alikuwa Bi Sijaona wa Mbwera, mama mtu mzima ambaye kazi yake ni kuandika majina ya maboti kwa rangi. Sadala alimtumia picha kwa simu. Bi Sijaona alizipokea kila alipofika gatini, maana kwingine kote mtandao haushiki, akazichora kwa brashi ya nywele chache juu ya vibao vyembamba vya mti wa mkoko, akazifunga ndani ya nailoni. Zikapanda boti mpaka Nyamisati, na kutoka Nyamisati zikaja Kibiti na gari la samaki. Ndiyo maana zote zilifika zinanuka uduvi.

Bi Sijaona alichora chochote alichotumiwa, na maneno juu. Ile yenye vyumba vya mistari myeusi na rangi nyekundu na manjano alisema, "Hii nayo picha? Huu mkeka wa bibi yangu." Yule bwana wa kofia na koti mwenye tofaa mbele ya uso alimpenda kuliko wote. "Huyu ndiye mwenye akili, kajificha." Lakini kitu kimoja hakukifanya, hata umlilie. Hakuchora uso. Kila mtu aliyekuwamo katika picha zake alikuwa na kichwa, nywele na masikio, na katikati hamna kitu.

"Uso sichori, mwanangu," alimwambia Sadala kwenye simu. "Nikichora uso, Siku ya Kiyama nitaambiwa niutie roho, nami roho ya kutia sina. Usinitafutie kesi nisiyoiweza."

Mwanamkuu alilifurahia hilo. Nyumba yenye nyuso ukutani malaika hawaingii, na yeye nyumba yake aliitaka iingie malaika kila siku, kwa sababu ya Warda. Warda alikuwa mtoto wao wa pekee, wa miaka tisa, na alikuwa na pumu tangu anyonye. Dawa ya hospitali ilikuwapo, ile ya kuvuta, aliining'iniza shingoni kwa uzi. Lakini kulala, Warda halali mpaka baba yake amsomee Ayatul Kursiyu na kumpulizia kifuani. Akishapuliziwa kifua kinatulia, anageukia ukutani, analala. Huo ndio ulikuwa usingizi wa nyumba nzima.

Basi ikaja picha ya mtu wa darajani. Picha ile unaijua hata kama hujui kwamba unaijua. Mtu amesimama darajani, mbingu nyekundu imepindapinda nyuma yake, amejishika mashavu kwa mikono miwili, mdomo wazi, anapiga ukelele. Bi Sijaona kama kawaida yake alimchora kichwa kama yai, mikono mashavuni, na katikati patupu. Sasa mtu anapiga ukelele bila mdomo, hiyo ni picha gani? Sadala aliudhika wiki nzima. Akiwa mezani aliitazama, akiwa kitandani aliiwaza. Mwisho akasema, nitamalizia mwenyewe.

Alimalizia jioni moja ya mvua, umeme umekatika, taa ya chaji iko mezani. Warda alikuwa amelala mkekani karibu na miguu yake na kifua kimeanza kumkwaruza. Sadala hakutaka kuiacha rangi ikauke kwenye brashi, wala hakutaka mtoto asubiri, akafanya yote mawili kwa pamoja. Mdomo ukasoma aya, mkono ukachora. Akaweka macho, vitone viwili. Akaweka pua. Akaweka mdomo, mrefu, mweusi, wazi. Aya ilipofika mwisho na mdomo wa yule mtu nao ulikuwa umekwisha, rangi mbichi inameta, na kama afanyavyo mtu yeyote mwenye rangi mbichi mbele yake, akainama akaipuliza, pfuu, ikauke. Kisha akageuka akampulizia na Warda.

Usiku ule Warda hakulala.

Wala wa kesho yake. Mwanamkuu akasema mvua. Sadala akasema vumbi la godoro. Ilikuwa ndani ya siku hizo Mwanamkuu alipouona ule umande, na tangu auone hakuweza kupita sebuleni bila kuutazama. Asubuhi ulikuwa kifungo, jioni ukawa umeenea nusu ya kioo. Halafu ikaja harufu. Kutoka Kibiti mpaka maji ya chumvi ni mwendo, lakini sebule ya Sadala ilianza kunuka tope la mikoko, ile harufu ya maji yakipwa na jua likipiga, na haikutoka kwa sabuni wala kwa udi. Ukichoma udi inajificha, moshi ukiisha inarudi.

Wakampeleka mtoto zahanati. Daktari akasikiliza kifua mbele na nyuma, akasema mapafu safi, hewa inaingia vizuri kabisa.

"Inaingia, sawa," Mwanamkuu akasema. "Mbona mwanangu midomo inakuwa ya buluu?"

Daktari akaongeza dawa. Nyumbani, Warda alimvuta mama yake kanga, akamnong'oneza sikioni kama mtu anayeogopa kusikiwa na aliye chumba cha pili.

"Mama, yule ananiwahi."

"Nani, mwanangu?"

"Nikitaka kuvuta pumzi, yeye anavuta kwanza. Inayobaki ndiyo yangu."

Mwanamkuu hakumuuliza tena yule ni nani. Akafunga nguo za mtoto kwenye mfuko wa shangazi kaja, akamwambia mumewe kwamba anampeleka Warda kwa bibi yake Mtawanya, kule kwenye hewa ya mashamba, na atarudi picha ile ikiwa imeondoka ukutani. Sadala akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaka kuambiwa kwamba hakuna kitu. Hakuna aliyemwambia.

Magharibi ya siku ileile simu ikalia. Sadala alikuwa sebuleni peke yake, ametoka kuswali. Akaipokea akaiweka spika.

"Msikilize mwenyewe," Mwanamkuu alisema, sauti imekauka. "Tulidhani huku atapumzika. Msikilize."

Akasogeza simu kwenye mdomo wa mtoto. Sadala akaisikia pumzi ya Warda ikitoka, ndefu, ya kukwaruza, ikaisha. Kisha ikawa kimya, na katika ule ukimya, siyo kwenye simu bali ukutani, nyuma ya bega lake, akasikia pumzi nyingine ikiingia. Ilikuwa nzito, ya majimaji, mfano wa mguu unaochomolewa kwenye tope. Akageuka. Kioo cha mtu wa darajani kilikuwa cheupe chote. Kwenye simu Warda akatoa pumzi tena, na ukutani ikavutwa tena, na Sadala akabaki amesimama katikati ya sebule, simu mkononi, akimsikiliza mwanawe aliye Mtawanya akitoa na kitu kilicho nyumbani mwake kikipokea, akitoa na kikipokea, hata akajikuta yeye mwenyewe ameizuia pumzi yake asije akaichanganya na zile, na kifua kikamwuma, na masikio yakaanza kuvuma, na ndipo kutoka ndani ya kile kifremu kisichozidi kiberiti ikaja sauti, nyembamba, ya upepo unaovuja kwenye tairi.

"Nimalizie," ikasema.

Sadala aliruka mpaka uani, simu ikamwanguka. "Mama Warda, rudi naye! Rudi naye sasa hivi!" alipiga kelele, na simu ilikuwa imeshakatika.

Mwanamkuu hakungoja kuitwa. Wakarudi kwa bodaboda, mtoto katikati. Mwanamkuu hakusalimia. Alimlaza Warda chumbani, akaenda sebuleni, akakitoa kifremu msumarini, akatoka nacho uani kwenye jiko la mkaa ambalo lilikuwa limeshika, akakitupa katikati ya moto.

"Mama!" Warda alilia kule chumbani. "Mama naungua! Kifua, mama, kifua!"

Mwanamkuu alikitoa kwa mkono wake mtupu. Kovu analo mpaka leo, kwenye kiganja cha kulia. Fremu iliungua ubavu mmoja, lakini picha haikuguswa hata kidogo, na mdomo wa yule mtu ulikuwa mkubwa kuliko Sadala alivyouchora. Chumbani walimkuta Warda ameshika kifua, na kifuani alama nyekundu, ndefu, ya ukubwa wa kiberiti.

Hapo ndipo Sadala alipokaa chini akalia. Siyo kulia kwa kujificha, kulia kwa sauti. Ikiwa kuivunja ni kumvunja mtoto na kuichoma ni kumchoma mtoto, basi mtu atafanya nini? Angeitupa mtoni je, angemzamisha? Mwanamkuu alikuwa amefunga kiganja kwa kitambaa kibichi. Akamwambia, "Aliyeichora yupo. Mpigie."

Bi Sijaona hakupatikana mpaka alipofika gatini kesho yake asubuhi. Alipiga mwenyewe, akianza na utani kama siku zote. "Haya, Makumbusho, safari hii unataka nini, nikuchoree na mfalme?"

"Shikamoo, bibi. Yule mtu wa darajani," Sadala akasema.

"Marahaba. Kafanyaje?"

"Nilimtia uso."

Upande wa pili pakasikika maji yakipiga nguzo. Utani ulikuwa umekwisha. "Na mdomo?"

"Na mdomo, bibi."

"La ilaha illallah." Kisha, kwa sauti ya chini, "Usivunje kioo. Usiifukie. Usimwache mtoto peke yake. Nakuja na boti la kwanza."

Alifika alasiri, pindo la nguo bado lina tope. Majirani walitazamia mganga na mikoba. Hakuwa na mkoba, na wala hakuwa mganga, na hilo alilisema mlangoni kabla hajakaribishwa. Aliingia sebuleni, akaitazama picha kwa mbali, akajifunika uso kwa kanga. Sadala alipomwona anajificha ndipo alipoogopa sawasawa, kwa kuwa alikuwa ameweka tumaini lake lote kwa mtu ambaye haogopi.

"Na mimi nina langu," Bi Sijaona alisema alipoketi. "Siku zote nachora juu ya mkoko. Kibao hiki ni cha mchu, ule mti mwingine wa topeni. Ulianguka wenyewe, kwenye mkono wa mto ambao sisi watu wa Mbwera hatukati miti. Nikasema, sikuukata mimi, umeanguka, dhambi iko wapi? Mizizi ya mchu mmewahi kuiona? Inachomoza topeni, imesimama, ndiyo pua zake mti ule. Sasa yuko anayekaa chini ya zile pua. Huyo pumzi yake mwenyewe hana. Anaazima kwa mti. Nikajua kaja na kibao, nilimsikia. Lakini nilisema, kwa kuwa uso sichori, atavutia wapi?"

"Ukatutumia hivyohivyo," Mwanamkuu akasema.

"Niliwatumia, mwanangu. Nisamehe." Akamgeukia Sadala. "Mdomo peke yake haumtoshi. Ulimpa pumzi?"

"Sikumpa kitu. Nilipuliza tu rangi ikauke."

"Ulipopuliza, ulikuwa unasema nini?"

Sadala akafungua mdomo ajibu, kisha akauacha hivyohivyo. Aliiona ile jioni yote, mvua, taa ya chaji, mtoto mkekani, aya ikifika mwisho. Akatazama chini.

"Nilikuwa namsomea Warda," alisema.

Mwanamkuu alishuka kwenye kiti akakaa sakafuni. "Pumzi ile ilikuwa ya mwanangu," alisema taratibu. "Umesoma kwa ajili ya mwanangu, ukaenda ukampa huyo. Ukaja kumpulizia mtoto mabaki."

Chumbani Warda alikuwa anavuta pumzi fupifupi, na ukutani kioo kilikuwa kinajaa na kukauka.

"Aliyepuliza avute," Bi Sijaona alisema. "Hilo ndilo ninalolijua, na sijawahi kuona likifanywa, nisiwadanganye. Kioo kitolewe. Uweke mdomo wako kwenye mdomo wake, uvute mpaka kibao kikauke. Ya mtoto itamrudia mtoto, maana inamjua mwenyewe. Lakini zimeshachanganyika, Sadala. Hutavuta ya mtoto peke yake."

"Hiyo nyingine itakwenda wapi?"

"Itakaa kwako. Wewe ndiye utakuwa chupa yake. Kupumua utapumua, kila kiumbe anapumua. Lakini kupuliza, mwanangu, ni kutoa. Usimpulizie mtu tena. Wala chai, wala moto, wala vumbi jichoni mwa mtoto. Ukipuliza umemtoa."

"Mpaka lini?"

Bi Sijaona akavuta kanga yake vizuri. "Mpaka wakuoshe."

Sadala hakufikiri sana. Nimesema ni mtu mpole, sikusema ni mwoga wa kila kitu. Alitia udhu, akaswali Magharibi, na mvua ilianza kupiga bati wakati anatoa salamu. Mwanamkuu alikaa chumbani na Warda kifuani. Bi Sijaona aling'oa misumari midogo ya fremu kwa ncha ya kisu, na kioo kilipotoka harufu ya tope ilijaa nyumba nzima mpaka taa ikaonekana kufifia, na ile pumzi ambayo siku zote ilikuwa nyuma ya kioo sasa ilikuwa hadharani, inagusa ngozi, ya baridi, ya majimaji. Sadala akasema bismillahi akakiinua kibao, akafumba macho kwa sababu vile vitone viwili alivyovichora mwenyewe vilikuwa vinamtazama, akaweka midomo yake juu ya mdomo ule, na mdomo ule ulikuwa laini. Akavuta. Ilikuja baridi ya maji ya chini, ikaja chumvi, ikaja kitu kizito kinachoshuka kooni kwa kujivuta kikawa hakitaki na kikawa kinataka, akasikia meno yake yakiuma, akasikia Bi Sijaona akisema usiache, usiache, ukiacha katikati umemwua mtoto, naye akavuta, akavuta hata kifua chake kikawa hakina tena nafasi na bado kilikuwa kinaingia, na ndani ya ule uzito, katikati kabisa, ikapita pumzi ya mtoto wake. Aliijua. Ilikuwa na joto, na ilinuka maziwa. Ilimpita ikaenda zake.

Chumbani Warda alilia kwa nguvu, kilio cha mtoto aliyezaliwa sasa hivi.

Walipotazama kibao, kilikuwa kikavu. Kichwa kama yai, mikono mashavuni, na katikati hamna kitu.

Bi Sijaona aliondoka kesho yake na picha zote, hata ya bwana wa tofaa, akakirudisha kibao cha mchu pale mti ulipoanguka. Ukuta wa Sadala ukabaki na misumari. Warda alinenepa. Alikimbia na wenzake, akacheza kombolela, dawa ya kuvuta ikaning'inia shingoni bila kazi. Mwanamkuu alijifunza kumsomea na kumpulizia yeye, na Sadala kila jioni alikaa upande wa pili wa pazia akisikiliza ile kazi iliyokuwa yake ikifanywa na mwingine. Ilimwuma. Lakini alimsikia mtoto anageukia ukutani, analala, na hilo lilimtosha.

Mwenyewe aliishi na mdomo wake kama mtu aliyebeba yai. Chai aliiacha ipoe yenyewe. Mkaa aliupepea kwa ungo. Wenzake kijiweni walimcheka, wakamwambia Sadala siku hizi ana mapozi, hata vumbi la kioo cha simu anapangusa kwa brashi kama bibi harusi. Mara mojamoja, akiwa ameinama, alihisi kitu kifuani kikigeuka upande na kulala tena.

Mwaka ukazunguka, Ramadhani ikaingia. Watu wote wanajua, na Sadala alijua, kwamba mwezi huu mashetani hufungwa. Moyo wake ukalegea. Kwa mara ya kwanza tangu masika yale alilala usingizi mzito, akacheka kijiweni, akasahau kidogo. Hakufikiri kwamba wanaofungwa ni wale walioko nje.

Siku hiyo Warda alikuwa amefunga kutwa nzima, kwa mara ya kwanza maishani mwake, na nyumba yote ilikuwa na furaha yake. Mwanamkuu alikuwa amepeleka sahani ya mihogo kwa jirani. Baba na mwana walikaa mkekani, tende zao mkononi, uji wa pilipili manga unafuka. Adhana ikaanza. Warda akatafuna tende haraka, akashika kikombe kwa mikono miwili, akakigusisha mdomoni, akakiondoa.

"Baba, wa moto! Nipoozee."

Midomo imemkauka, macho yanacheka, amefunga mpaka mwisho, mtoto wake. Sadala akakipokea kikombe, akainama kama afanyavyo mzazi yeyote, pfuu.

Kikombe kilimponyoka. Uji ukamwagikia magoti yake wala hakuusikia.

"Hukunywa?"

"Sijanywa, baba."

"Hata tone? Warda, niambie kweli, hata tone?"

"Hata tone. Mvuke tu ndio umenipiga usoni." Akamtazama baba yake alivyokaa na uji mapajani, akaanza kucheka. Alicheka vizuri, kwa kifua kizima, hata Sadala naye akacheka, machozi yanamtoka, akisema alhamdulillahi, alhamdulillahi. Kifua chake kilikuwa chepesi. Kilikuwa chepesi ajabu.

Mkekani pakaanza kunuka tope. Kicheko cha Warda kikaisha, lakini mdomo wake haukufunga, na mikono yake miwili ikapanda taratibu mpaka mashavuni.